Sindano ya Kuoshea Mzizi wa Jino: Tujue Iliyo Salama



Watu wetu husema dawa ya jino ni kung'oa. Msemo huu haukutoka hewani. Kwa miaka mingi wengi wetu hapa Isiolo hatukuwa na njia nyingine. Jino likianza kuuma mtu hutafuna karafuu, halafu hununua vidonge vya maumivu dukani, na usingizi ukikosekana kabisa anapanda gari kutoka Merti au Garba Tulla kuja mjini kung'olewa. Anarudi nyumbani bila maumivu, lakini pia bila jino.

Jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena. Kijana wa miaka 16 akipoteza gego, atakaa na pengo hilo maisha yake yote. Meno ya jirani huanza kuinama kuelekea kwenye pengo, na lile la upande wa pili wa taya, ambalo sasa halina la kugusana nalo, husogea kutoka mahali pake. Kutafuna nyama au mahindi kunakuwa shida.

Siku hizi meno mengi ya namna hiyo yanaweza kuokolewa kwa matibabu ya mzizi. Katika kazi yetu ya kutembelea familia na vikundi, tumeona kwamba wengi wanaogopa matibabu haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pesa. Ya pili ni sindano. Mama mmoja aliuliza katika kikundi, "Ati watanidunga mpaka ndani ya mzizi?" Swali lake ni la haki kabisa, na somo hili ni jibu lake.

SINDANO NI MBILI, SI MOJA

Kwanza tutofautishe. Sindano ya kwanza ni ya ganzi. Hiyo ndiyo inayodungwa kwenye ufizi ili usisikie maumivu. Sindano ya pili haidungi kitu chochote. Kazi yake ni kupeleka dawa ya maji ndani ya jino ili kuosha uchafu na kuua vijidudu. Mtu akishapata ganzi sawasawa, hii ya pili hapaswi kuisikia ikiuma.

Hata hivyo, ni hii ya pili tunayotaka kuizungumzia leo. Ikichaguliwa vizuri na kushikwa vizuri, inaokoa jino. Ikichaguliwa vibaya, inaweza kupeleka dawa kali mahali isipotakiwa na kumwumiza mgonjwa sana.

JINO LIMEJENGWAJE?

Jino si jiwe tupu. Nje kuna ganda gumu, na katikati kuna nafasi yenye kiini laini. Ndani ya kiini mna mishipa ya damu na ya fahamu. Nafasi hii huteremka ndani ya kila mzizi kama mfereji mwembamba, mpaka kwenye tundu dogo sana lililo kwenye ncha ya mzizi. Kupitia tundu hilo jino huungana na mfupa wa taya. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego linaweza kuwa na mitatu au minne.

Jino likitoboka na kuoza mpaka kwenye kiini, vijidudu huingia. Kiini kinavimba, kisha kinakufa. Uchafu unateremka ndani ya mfereji, unatoka kwa lile tundu la chini, na usaha unajikusanya ndani ya mfupa. Hapo ndipo shavu hufura na mtu hukosa usingizi. Vidonge vya kuua vijidudu peke yake havimalizi tatizo hili, maana kiini kikishakufa hakuna damu ya kubeba dawa mpaka ndani ya jino.

KWA NINI LAZIMA LIOSHWE?

Daktari hufungua jino kutoka juu, halafu husafisha mfereji kwa vijitupa vyembamba vya chuma. Lakini tupa haifiki kila mahali. Wakulima wa Rapsu na Malka Daka wanaelewa jambo hili. Ukichimbua mfereji wa shamba kwa jembe unatoa tope la katikati, lakini takataka za kwenye kona na vijia vya pembeni hazitoki mpaka maji yapite. Mfereji wa jino nao una kona na vijia vya pembeni ambavyo tupa haivigusi. Kwa hiyo ni lazima uoshwe tena na tena kwa dawa, kati ya tupa moja na nyingine, mpaka mwisho wa kazi.

DAWA NZURI, LAKINI KALI

Dawa inayotumika zaidi duniani ni hipokloriti ya sodiamu. Ni kemikali ya aina moja na ile iliyo ndani ya Jik ya kufulia nguo. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, mwanakemia Mwingereza Henry Dakin na daktari wa upasuaji Mfaransa Alexis Carrel waliitumia ikiwa na nguvu ya asilimia 0.5 tu kuosha vidonda vya askari. Katika meno hutumiwa kuanzia nguvu hiyo mpaka zaidi ya asilimia 5.

Uzuri wake ni kwamba inaua vijidudu na pia kuyeyusha mabaki ya kiini kilichokufa. Lakini dawa inayoyeyusha nyama iliyokufa haichagui. Ikisukumwa ikapita ncha ya mzizi, inaunguza nyama iliyo hai pia. Kila aliyefua na Jik bila glovu anajua inavyofanya ngozi ya mikono. Sasa fikiria ikiwa ndani ya taya.

Hapo ndipo sindano inapokuwa na maana. Dawa ni lazima ifike karibu na mwisho wa mfereji, la sivyo vijidudu vitabaki na jino litauma tena. Lakini haipaswi kupita mwisho huo. Sindano nzuri ni ile inayomsaidia daktari kutimiza yote mawili.

SINDANO IPI INAFAA?

1. Iwe nyembamba. Unene wa sindano hupimwa kwa nambari iitwayo geji, na nambari ikiwa kubwa sindano ni nyembamba zaidi. Wengi hudhani ni kinyume chake. Sindano ya geji 21 ina unene wa milimita 0.8 hivi, na ya geji 23 milimita 0.6. Hizo ni za kawaida za kudunga mwilini. Ya geji 27 ni milimita 0.4, na ya geji 30 ni milimita 0.3. Mara nyingi mwisho wa mfereji ukishapanuliwa kwa tupa, upana wake huwa kama milimita 0.3 au 0.4 tu. Kwa hiyo sindano ya geji 21 au 23 haiwezi kufika chini. Itakwama njiani, iache sehemu ya chini bila kuoshwa. Geji 27 na geji 30 ndizo zinazofaa, na kwa mifereji myembamba ya magego geji 30 ni bora.

2. Ncha yake iwe imezibwa na tundu liwe ubavuni. Sindano ya kudunga ina ncha kali iliyokatwa mshazari na tundu lake liko mbele. Dawa hutoka kwa kasi kuelekea mbele moja kwa moja, yaani kuelekea ncha ya mzizi. Sindano iliyotengenezwa hasa kwa kuosha mzizi mara nyingi ina ncha butu iliyozibwa, na tundu liko kando. Dawa inatoka ubavuni, inapiga ukuta wa mfereji, halafu inarudi juu na uchafu. Ncha butu pia haichomi ukuta wa jino.

Tusidanganyane, kila namna ina upungufu wake. Yenye tundu ubavuni ni salama zaidi, lakini dawa yake haiendi mbali kupita ncha, ni kama milimita moja tu. Kwa hiyo ni lazima iteremshwe karibu, kama milimita 1 kabla ya kikomo ambacho daktari amepima. Zipo pia za kuoshea zilizo wazi mbele. Hizo hupeleka dawa mbali zaidi, lakini mgandamizo wake kwenye ncha ya mzizi ni mkubwa. Wataalamu hushauri zisimamishwe milimita 2 au 3 kabla ya kikomo.

3. Isikwame ndani ya mfereji. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Tuchukue mfano wa kisima chetu. Ukiingiza mpira wa maji kwenye mdomo wa jerikani na nafasi ikabaki pembeni, maji yakijaa yanamwagika juu na hakuna kinachoharibika. Lakini mpira ukiziba mdomo wote, maji hayana pa kurudi, na jerikani ikiwa na ufa chini, hapo ndipo yatakapotokea. Jino lina ule "ufa" siku zote, yaani tundu la ncha ya mzizi. Sindano ikikaza, dawa inalazimika kutokea chini. Kwa hiyo sindano iwe imelegea, na mkono wa daktari uwe unaisogeza juu na chini kidogo kidogo.

4. Iwe na alama ya urefu. Daktari hupima urefu wa mfereji kwa picha ya eksirei au kwa kifaa cha umeme. Baada ya hapo sindano huwekewa kipete cha mpira, au hupindwa kidogo mahali pa kukomea, isije ikateremka kupita kipimo. Kuosha kwa kukisia si kazi ya mtaalamu.

5. Ifungwe kwa kuzungushwa. Kuna bomba ambalo sindano huchomekwa tu, na kuna lile ambalo sindano huzungushwa ikakaza kama kifuniko cha chupa. Hilo la pili ni salama zaidi, kwa sababu sindano haichomoki wakati wa kusukuma. Ikichomoka, dawa inaweza kuruka mpaka machoni.

6. Iwe mpya, kwa mtu mmoja. Sindano moja, mgonjwa mmoja, kisha inatupwa kwenye sanduku la vifaa vyenye ncha. Hata kama haidungi, imegusa damu na usaha. Homa ya ini ya aina ya B na virusi vya UKIMWI havina huruma na kubana matumizi.

MKONO UNAOSUKUMA

Sindano nzuri kwenye mkono wa haraka haifai kitu. Haraka haraka haina baraka, na hapa ni kweli tupu. Bomba lisukumwe polepole na bila nguvu. Madaktari wengi hutumia kidole cha shahada badala ya dole gumba, maana dole gumba lina nguvu nyingi mno. Bomba dogo la mililita 2 hadi 5 ni rahisi kulitawala. Daktari akiona bomba limekuwa gumu asilazimishe. Aitoe sindano kwanza, atafute sababu.

Kuna meno yanayohitaji uangalifu zaidi. Jino la mtoto au kijana ambalo mzizi wake haujakomaa huwa na tundu pana chini. Magego ya juu yako karibu na uwazi wa mfupa wa uso ulio kando ya pua. Jino lililotobolewa pembeni kwa bahati mbaya nalo linaweza kuvujisha dawa.

NGAO YA MGONJWA

Kabla ya kuosha, daktari huvika jino kipande cha mpira mwembamba kilichotandazwa mdomoni, jino likichomoza peke yake. Mpira huo huzuia dawa isiteremke kooni, na huzuia mate yenye vijidudu yasiingie ndani ya jino. Mgonjwa pia avalishwe miwani na kufunikwa kifuani. Matone ya dawa hii hufanya madoa meupe yasiyotoka kwenye nguo, na machoni ni hatari kubwa.

Jambo lingine ni alama kwenye mabomba. Hipokloriti haina rangi ya kuitambulisha, na ganzi na maji ya chumvi pia ni kama maji tu. Imewahi kuripotiwa kwamba mgonjwa alidungwa hipokloriti ikidhaniwa ni ganzi. Dawa ya kuzuia balaa hilo ni rahisi sana: kila bomba liandikwe jina la kilichomo.

UKIONA DALILI HIZI

Baada ya matibabu, jino kuuma kidogo unapotafuna kwa siku mbili au tatu ni kawaida. Hiyo isikutie hofu. Lakini dawa ikipita ncha ya mzizi, mambo huwa tofauti:

- maumivu makali ya ghafla, hata kama ganzi bado inafanya kazi;
- shavu au mdomo kufura ndani ya dakika au saa chache;
- damu kutoka kwa wingi ndani ya jino;
- baadaye, ngozi kuwa na rangi ya zambarau kama ya kupigwa.

Ukisikia maumivu hayo ungali kwenye kiti, inua mkono mara moja. Usivumilie kwa kuona haya. Daktari ataacha kusukuma, ataosha kwa maji ya chumvi, ataacha usaha na damu vitoke, na atakupa dawa za maumivu na nyingine akiona zinahitajika. Siku ya kwanza uvimbe hukandwa kwa kitu baridi kilichofungwa kwa kitambaa. Kukanda kwa maji ya uvuguvugu kunafuata siku zinazofuata. Wengi hupona katika wiki chache.

Uvimbe ukifanya kupumua au kumeza kuwe kugumu, au jicho likianza kuona vibaya, hiyo ni dharura. Nenda hospitali usiku huo huo. Usitoboe uvimbe nyumbani wala kuuchoma.

Ndugu zetu wa Merti, Kinna na Oldonyiro, hili ni lenu hasa. Kabla ya kupanda gari kurudi nyumbani hakikisheni shavu halifuri, na chukueni nambari ya simu ya kliniki. Ukishafika mbali, usiku, bila gari, jambo dogo linaweza kuwa kubwa.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Kuuliza si ujinga, wala si kumdharau daktari. Daktari mzuri hufurahi kuulizwa. Uliza kwa adabu kabla kazi haijaanza:

1. Daktari, jino hili linafaa kuokolewa, au ni heri kuling'oa?
2. Nitahitaji kuja mara ngapi, na gharama yote pamoja na kuliziba ni kiasi gani?
3. Mtapima urefu wa mzizi kwa njia gani?
4. Sindano ya kuoshea ni ile ya tundu ubavuni? Ni mpya?
5. Mtanifunika jino kwa mpira?
6. Nikipata shida usiku nimpigie nani?

Nawe umwambie daktari ukweli wako: kama una mimba, kama una ugonjwa wa sukari au wa moyo, dawa unazomeza, na kama ngozi yako hudhurika vibaya ukigusa Jik. Na uhakikishe anayekutibu amesajiliwa. Hapa Kenya, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ndilo linalosajili madaktari wa meno na kupokea malalamiko ya wagonjwa. Mtu wa kutembea sokoni na koleo mfukoni hayumo kwenye orodha hiyo.

KWA KAMATI ZA ZAHANATI NA KLINIKI

Kamati nyingi hununua vifaa kwa kuangalia bei tu. Kama kliniki yenu ina daktari anayetibu mizizi ya meno, mwulizeni anahitaji sindano gani, kisha muandike wazi kwenye karatasi ya kuagiza: geji 27 au 30, ncha iliyozibwa, tundu ubavuni, ya kufunga kwa kuzungusha, ya kutumika mara moja. Mkiandika "sindano" tu, mtaletewa za kudunga. Msitegemee rangi ya kitako cha sindano, maana rangi za sindano za meno zinaweza kutofautiana na za sindano za kawaida. Someni nambari kwenye pakiti, na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Kumbukeni pia joto letu. Hipokloriti hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto na mwangaza. Chupa iwe ya rangi isiyopitisha mwanga, ifungwe vizuri, na iwekwe mahali penye ubaridi. Dawa iliyokufa nguvu haina faida, hata ikipelekwa na sindano bora.

KUNG'OA BADO KUNA MAHALI PAKE

Hatusemi kila jino liokolewe. Jino lililovunjika mpaka chini ya ufizi, au linalotikisika kwa sababu mfupa umeisha, huenda likafaa kung'olewa tu. Pia mtu asiyeweza kurudi kumaliza matibabu ni heri aseme mapema, maana jino lililofunguliwa na kuachwa huoza vibaya zaidi. Na jino lililotibiwa mzizi ni lazima lizibwe imara. Gego mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia ngumu, la sivyo litapasuka.

Bora kuliko yote ni kutofika huko. Tupige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Mswaki wa mti wetu unasafisha vizuri ukitumiwa kwa utaratibu. Tupunguze soda na peremende, hasa kwa wale wanaotafuna miraa na kitu kitamu. Tundu dogo lizibwe likiwa dogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi waliong'olewa jino ambalo pengine lingeokolewa? Ni nini kilichowazuia kutafuta matibabu mapema?
2. Tueleze kwa maneno yetu wenyewe kwa nini sindano isikaze ndani ya mfereji wa jino.
3. Mgonjwa wa kutoka mbali ajipangeje kwa nauli, malazi na simu ili amalize matibabu?
4. Kamati yetu ya zahanati iliandika nini mara ya mwisho ilipoagiza sindano?

Katibu wa kikundi aandike majibu, hasa ya swali la nne, na ayapeleke kwenye mkutano wa kamati unaofuata.